Saa Sitini na Moja

Mwisho wa Machi 2020, kafyu ikiwa na siku chache tu, nilianza kazi ya kuongoza ndege. Mnara sikuwa nao, redio pia sikuwa nayo. Nilikuwa na simu ya kioo kilichopasuka, bando la usiku, na kitanda changu pale Highrise, Nairobi. Rubani alikuwa brathe wangu mkubwa. Ndege yake ilikuwa kiti cha plastiki ndani ya chumba cha kupanga, nje kidogo ya Johannesburg.

Ukutani mbele yake alikuwa amebandika picha ya dashibodi ya Cessna 172, karatasi kadhaa zilizounganishwa kwa selotepu mpaka zikakaribia ukubwa wa kweli. Usukani ulikuwa kifuniko cha sufuria. Mimi nilisoma orodha ya ukaguzi aliyonitumia kwa WhatsApp, yeye akajibu huku akigusa karatasi. Mafuta? Tangi zote mbili. Magneto? Zote. Flapu? Juu. Tukishafika angani, bila kumwonya, nasema: injini imezima. Hapo alitakiwa kujibu papo kwa papo: mwendo noti 65, tafuta mahali pa kutua, angalia mafuta, jaribu kuwasha tena, tangaza hatari. Kwenye ndege noti ni kipimo cha mwendo. Nyumbani noti ni noti. Zikipungua, kote kote unashuka.

Kuruka kwa kiti ni zoezi la kawaida kwa wanaosomea urubani, hata walimu wao huwahimiza. Shida ni kwamba halihesabiwi. Kanuni za kimataifa zinataka angalau saa 40 za kuruka ndipo upate leseni ya rubani binafsi, ile ya kujirusha mwenyewe bila kulipwa. Ukitaka kulipwa lazima ufikishe 200, au 150 kama uko kwenye kozi maalumu iliyoidhinishwa. Kila saa inaandikwa kwenye daftari: tarehe, namba ya ndege, ulikotoka, ulikotua, nani alishika usukani. Daftari la brathe lilisema 61. Tulirusha kile kiti wiki baada ya wiki, na daftari likabaki 61.

Pesa ya saa hizo ilitoka Gikomba. Mama anauza mitumba, marobota ya jinzi na ya nguo za watoto, na hesabu zake zote anazifanya kwa marobota. Saa moja ya Cessna, alisema, ni faida ya robota zima, na hapo Mungu awe amekujalia robota lenye kamera nyingi. Kabla ya brathe kuondoka tuliuza ploti ya Kitengela, tukaongeza mkopo wa sako. Mwaka uliofuata, nikiwa mwaka wa pili chuoni, ada ya watoto wawili ikakataa kutosha. Mmoja alikuwa ameshalipiwa, na hakuwa mimi. Nilirudi nyumbani na sanduku langu, nikaanza kuandika vitu vya watu mtandaoni. Sisemi hivi kwa uchungu. Nasema ili uelewe kwamba zile saa 61 zilikuwa pia zangu.

Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi. Siku tisa baadaye serikali ikatangaza kwamba ndege za abiria kutoka nje zitakoma usiku wa manane wa tarehe 25. Tarehe 23, Rais Cyril Ramaphosa naye akasema Afrika Kusini itafungwa usiku wa manane wa tarehe 26. Kati ya mlango mmoja kufungwa na mwingine kufungwa kulikuwa na siku moja tu. Brathe akapiga simu: nirudi ama nikae? Nauli iliyobaki ilikuwa ya kutisha, na waliokuwa wakishuka Jomo Kenyatta walikuwa wanapelekwa karantini kwa gharama yao wenyewe. Mama akauliza swali la mfanyabiashara: akirudi, nani atamrudisha? Akakaa. Si ilikuwa siku 21 tu?

Kufungiwa kule hakukuwa kama kwetu. Sisi tulikuwa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kuanzia tarehe 6 Aprili hukutoka Nairobi wala kuingia, lakini mchana ulikuwa wako. Kule mchana pia ulifungwa. Hata kutoka kukimbia barabarani au kumtembeza mbwa kulikatazwa. Sigara na pombe zikapigwa marufuku dukani. Siku 21 zikaongezwa hadi mwisho wa Aprili. Tarehe 1 Mei watu wakaruhusiwa kufanya mazoezi nje, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, bila kupita kilomita tano kutoka nyumbani. Kiwanja cha ndege kilikuwa ndani ya kilomita hizo. Asubuhi ya kwanza alitembea mpaka kwenye uzio, akanitumia picha: Cessna sita zimefungwa kamba chini kama mbuzi, vioo vimefunikwa turubai. Hakuandika neno.

Mwezi huo wa Aprili randi ilikuwa imeanguka mpaka karibu 19 kwa dola moja. Kwa mtu anayelipa ada kutoka Kenya hiyo ilikuwa sherehe. Lakini shule ilikuwa imefungwa, na tarehe 30 Machi serikali yetu ilikuwa imesimamisha uingizaji wa mitumba kwa kuogopa maambukizi. Saa za kuruka zilipokuwa rahisi, haziuzwi. Na mnunuzi alikuwa ameketi Gikomba akiangalia marobota ya mwisho yakiisha.

Ni wakati huo swali moja lilianza kunikera. Kutoka kwetu hadi Uwanja wa Wilson ni mwendo wa mguu. Tulikua tukiangalia matumbo ya ndege ndogo zikishuka. Sasa ilikuwaje kijana wa Highrise akaenda kutafuta anga Johannesburg? Jibu la nyumbani nililijua: kwa hesabu zetu, kule saa zilikuwa nafuu na zilipatikana haraka. Shule za Wilson tuliziuliza bei, tukarudi kimya. Lakini hilo ni jibu la bei tu. Nilikuwa na muda na bando, nikaanza kusoma historia.

Nairobi imefundisha watu kuruka tangu zamani. Klabu ya urubani ya Afrika Mashariki ilianzishwa 1927. Mwaka 1929 mama mmoja mlowezi, mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege, Wilson Airways, na rubani wake alikuwa Tom Campbell Black. Uwanja wa Wilson umebeba jina la mama huyo. Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl Markham kuruka, hapa hapa Nairobi. Septemba 1936 Markham akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, akaangukia kwenye tope la Nova Scotia, Kanada, akatoka mzima. Kwa hiyo miaka karibu 90 iliyopita mtu angeweza kujifunzia urubani Nairobi na dunia ikamjua.

Ila mtu huyo alikuwa mlowezi. Mwanamume Mwafrika wa miaka hiyo alitembea na kipande, karatasi ndani ya kikasha cha chuma alichoning'iniza shingoni. Kiliandikwa nani amemwajiri, kutoka tarehe gani hadi tarehe gani, kwa mshahara gani, na hakuweza kumwacha mwajiri kihalali kama hakijatiwa sahihi. Nilipofika hapo nilikumbuka daftari la brathe, nalo lina tarehe, mahali na sahihi ya mkubwa. Watu wawili katika mji mmoja, kila mmoja na rekodi ya mwendo wake. Mmoja ilimpa ruhusa ya kupaa, mwingine ilimzuia kuhama shamba.

Januari 1946 likazaliwa East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na ndege ndogo za de Havilland. Uhuru ulipokuja shirika lilikuwa limeshakua: mwaka 1966 lilipokea Super VC10, moja ya ndege za fahari za enzi hiyo. Mwaka 1967 nchi tatu zikatia sahihi Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikagawana nyumba. Makao makuu ya Jumuiya Arusha, reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Na wa kuendesha hizo ndege wangetoka wapi? Mwaka 1971 ikafunguliwa shule ya urubani ya Jumuiya, Soroti, mashariki mwa Uganda, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Iliwekwa ili marubani na mafundi wa nchi zote tatu wafundishwe pamoja na gharama igawanywe.

Nilisoma hiyo sehemu mara mbili. Kulikuwa na shule. Ilikuwa yetu. Kutoka Nairobi ni safari ya basi.

Lakini 1971 ni mwaka uleule Idi Amin alipompindua Obote, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Kenya nayo ilikuwa inagombana na Tanzania juu ya pesa, siasa, na nani anamdai nani. Mapema 1977 East African Airways likasimama kwa madeni na ugomvi wa wenyewe. Januari hiyo Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na sisi, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Jumuiya ikafa. Shule ya Soroti ikabaki Uganda, na karibu miaka miwili baadaye Uganda ikawa uwanja wa vita. Shule haikufa, ipo hata leo. Kilichokufa ni ule mpango wa kugawana bili.

Baada ya hapo kila mtu akajitafutia. Mwenye uwezo alianzia Wilson kisha akamalizia ng'ambo. Irene Koki Mutungi, rubani wa kwanza mwanamke wa Kenya Airways, alipata leseni yake ya mwanzo Wilson na ile ya biashara Marekani, Oklahoma City. Shirika lilimwajiri 1995, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Ni hadithi tamu na tunaipenda kuisimulia, mimi pia. Ila ukiisikiliza vizuri ndani yake kuna bili ndefu ya kwenda mbali, na kuna familia iliyoilipa.

Na Afrika Kusini? Hapo historia inacheka. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru wetu, nchi huru za Afrika ziliamua kuinyima anga ndege za serikali ya ubaguzi, na Kenya ikawa miongoni mwao. Ndege za Afrika Kusini zilizokuwa zikipita Nairobi kwenda Ulaya zikalazimika kuzunguka bahari ya magharibi, nje ya bega la Afrika, kwa zaidi ya miaka 25. Mtoto wa Kenya kwenda kusomea urubani Johannesburg wakati huo lingekuwa wazo la kichaa. Ubaguzi ulipoanguka, na Mandela akachaguliwa 1994, njia ikafunguka. Vijana wetu wakagundua nchi yenye viwanja vingi vidogo, hewa kavu na walimu wanaofundisha kwa Kiingereza. Brathe alienda kwa njia iliyokuwa imefunguka kabla tu ya yeye kuzaliwa.

Kwa hiyo korona haikuwa ya kwanza kufunga anga yetu. 1963 tuliifunga kwa sababu njema. 1977 tulifungiana kwa ugomvi. 2020 ugonjwa ukafunga kila kitu. Na nilipokuwa nataka kuilaumu 1977 kwa kiti cha plastiki cha brathe, ilibidi nijisahihishe: hata Soroti isingemwokoa. Uganda pia ilifunga abiria Entebbe mwezi huohuo wa Machi, na mpakani Busia malori ya mizigo tu ndiyo yalipita. Angekwama Soroti kama alivyokwama kule. Tofauti ni moja. Mpango wa Soroti ungedumu, kukwama kwake kungekuwa hasara ya nchi tatu. Ilivyokuwa, ilikuwa hasara ya mwanamke mmoja Gikomba.

Hilo lilionekana wazi serikali ilipozungumza kuhusu Wakenya waliokwama nje. Wanaotaka kurudi, ilisema, wajilipie nauli na karantini. Brathe alisoma tangazo hilo akiwa amelipa kodi ya nyumba ya mwezi mmoja mbele na kubaki na unga, maharagwe na kabichi. Akaniambia usiku huo hataki nizime injini. Alitaka turuke tu, tutoke pale, tupite juu ya Botswana, Zambia, Tanzania, tutue Wilson. Nikafungua ramani kwenye simu nikamsomea miji. Cessna 172 haiwezi kufika bila kujaza mafuta njiani mara kadhaa, kwa hiyo tulisimama Francistown, Lusaka, Mbeya na Dodoma. Tulipokaribia Arusha bando likaisha.

Masomo yalipofunguliwa tena, aligundua kwamba saa zikikaa haziozi kwenye daftari ila zinaoza mikononi. Sheria yenyewe inalijua hilo: huwezi kubeba abiria kama katika siku 90 zilizopita hujaruka na kutua angalau mara tatu. Saa zake tano za kwanza ziliishia kukumbuka alichokuwa anajua Machi. Alilipa tena kwa kitu alichokuwa ameshanunua. Marufuku ya mitumba iliondolewa Agosti, lakini meli haziji kwa siku moja, na wateja wa mama walikuwa wamefilisika. Alipofika saa 72 pesa ikakata kabisa. Afrika Kusini ilifungua ndege za kimataifa tarehe 1 Oktoba. Novemba brathe akashuka Nairobi na begi moja, na ile dashibodi ya karatasi imekunjwa ndani ya daftari.

Na hata angerudi na 200, angerudi kwa nani? Kenya Airways ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 36.2 kwa mwaka huo na ilikuwa imepunguza wafanyakazi. Marubani wenye maelfu ya saa walikuwa nyumbani. Alikaa mwaka mzima hataki kusikia ndege ikitajwa, ilhali zinapita juu ya nyumba kila dakika chache. Mimi na yeye tulikuwa tumekaa kwenye kochi moja, wote wawili hatukumaliza, na mama hakuwahi kutuuliza chochote. Ningependa angeuliza.

Sasa hivi anafanya kazi Wilson, katika ofisi ya kampuni ndogo ya ndege za kukodi. Anapima mizigo, anapima abiria, anaandika mipango ya safari ambazo wengine wanarusha. Leseni yake ya binafsi aliibadilisha ikawa ya Kenya, kwa mitihani na ada juu yake. Akipata akiba, analipa saa moja. Si kila mwezi. Daftari limefika 83, na kwa mwendo huo nimepiga hesabu ya lini atafika 200, halafu nikaifuta.

Mwaka jana alifanya zile ruka-na-tua tatu, akanipigia simu, akasema Jumamosi twende. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona dashibodi ambayo nimeisoma usiku mwingi hivyo. Ni ndogo kuliko nilivyodhani, na plastiki imepauka kwa jua. Alinipa orodha ya ukaguzi, akasema, soma. Mafuta? Tangi zote mbili. Magneto? Zote. Flapu? Alisita kidogo hapo, akaangalia dirishani kuhakikisha, maana hii ilikuwa na flapu za kweli. Juu.

Tulipaa juu ya Lang'ata. Upande wa kushoto nilitafuta paa la nyumba yetu nikalikosa, yote yanafanana. Tulielekea upande wa Ngong, kimya kwenye vipokea sauti, yeye mikono miwili kwenye usukani. Nilijua kuna maneno mawili ambayo kwa mazoea yangekuwa yangu kuyasema hapo. Niliyameza.

Tulipotua aliandika kwenye daftari tarehe, namba ya ndege, Wilson hadi Wilson, saa 1.1. Nikapiga picha ukurasa huo, nikamtumia mama. Alijibu kwa sauti, nyuma yake kelele za Gikomba: yeye atapanda ikifika mia mbili, na kabla ya hapo tusimsumbue.